Barua kwa mwanangu: kwa nini nimekutumia dubu

Shizuoka, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. "Mama, asante, boksi limefika salama. Lakini Mama, mbona ni dubu?" Kisha ukanyamaza, na nyuma yako nikamsikia Zuhura anacheka. Ndiyo, ni dubu. Hawakukosea dukani, wala mwenzangu aliyekubebea mpaka Dar hakuchanganya mizigo. Uliniomba roboti kubwa kama la binamu yako Faridi, lenye mabawa na bunduki mbili. Nilisimama mbele ya rafu ya maroboti, nikayatazama, nikayapita, nikakuchukulia dubu wa plastiki wa kuunganishwa vipande, wa kukaa kiganjani. Nilikusudia.

Kabla sijakueleza sababu, amri moja: usimpe Zuhura. Najua ndio mpango ulioanza kuupika. Yeye bado yuko kwenye umri wa kuonja kila anachookota, na humo ndani mna vipande vinavyopita kooni bila kupiga hodi. Wake atakuja akikua. Huyu ni wako, na utamjenga wewe, si mjomba.

Sasa nikuulize, lile roboti la Faridi lina miguu? Nilipozungumza na shangazi yako siku ya Idi lilikuwa na kichwa, kifua na mkono mmoja, limelazwa kwenye boksi chini ya kitanda. Simcheki Faridi, ni kijana mwerevu na ana mikono mizuri. Ila maroboti makubwa ya aina ile yana mamia ya vipande, na mengine hujengwa mifupa kamili kwanza ndipo yavishwe mwili. Mtu ambaye hajawahi kukata hata kipande kimoja akifungua boksi la namna hiyo hukutana na mifuko juu ya mifuko. Atajenga kwa pupa siku mbili, siku ya tatu kipande kitamponyoka kiingie chini ya kabati, siku ya nne shule zimefunguliwa. Dubu wako utammaliza alasiri moja, hata ukienda polepole sana. Ukishammaliza tutajua kama unaipenda kazi yenyewe au uliipenda picha ya kwenye boksi. Lolote kati ya hayo mawili halitanikera, ila nataka tulijue kwa bei ya dubu, tusilijue kwa bei ya roboti.

Na usidhani nimekutoa kwenye maroboti. Mfuatilie ukoo wake huyu. Gundam, hadithi ya maroboti ya vita, ilianza kama katuni ya televisheni hapa Japani mwaka 1979, na mwaka uliofuata kampuni ya Bandai ikatoa modeli ya kwanza ya plastiki ya roboti lile, kwa yeni 300. Upande wa maadui kulikuwa na roboti la kupiga mbizi, kichwa cha mviringo, mikono mirefu, jina lake Acguy. Miaka mingi baadaye zikaja hadithi nyingine, za vijana wanaojenga modeli hizi na kuzishindanisha, na humo ndimo Acguy alimogeuzwa dubu. Dubu huyo naye akapewa watoto, wanaitwa Petit'gguy, na huyo uliye naye ni mmoja wao. Kwa hiyo babu yake ni mashine ya vita. Mwambie hivyo Faridi akikuchokoza. Wametengenezwa wa rangi nyingi mno, na wewe nimekuchagulia mwekundu kwa heshima ya timu yetu, Wagosi wa Kaya. Coastal Union wakifungwa wiki hii usimlaumu dubu.

Wazee wenye mvi wananunua dubu hawa, nimewaona kwa macho yangu. Nilipofika huku nilidhani vitu vizuri-vizuri vya mviringo ni vya watoto wa chekechea. Kumbe hata watengenezaji wenye sifa ya ukali huvitengeneza. Hapo Yaizu, mji wa jirani kwa treni, ndiko iliko Hasegawa, kampuni inayojulikana kwa ndege za kivita zilizopimwa hadi ukubwa wa ribiti, na kampuni hiyohiyo tangu miaka ya 1970 hutoa ndege zilizofupishwa mpaka zikawa na umbo la yai. Ndege ya kivita yenye tumbo! Ukiiona utacheka, halafu utataka kuishika.

Mji huu ninaosomea ndio makao makuu ya mambo haya, nami sikulijua hilo kabla sijafika. Nilikuja kwa ajili ya uhandisi wa viwanda, basi. Watu wa hapa huanzia mbali wakikusimulia. Mwaka 1607 Tokugawa Ieyasu, aliyekuwa ameshamwachia mwanawe cheo cha utawala, alikuja kuishi hapa, na mafundi seremala, wachongaji na wapaka rangi wakakusanywa kujenga ngome na mahekalu. Kazi za mbao zikabaki mjini. Tamiya, ambayo leo mashabiki wa modeli dunia nzima wanaijua, ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, ikaingia kwenye modeli za mbao, na mwaka 1960 ndipo ikatoa modeli yake ya kwanza ya plastiki, manowari Yamato. Aoshima na Fujimi nazo ziko hapahapa. Bandai ilifungua kiwanda chake cha modeli mjini hapa mwaka 2006. Halmashauri ya jiji nayo haikutaka kubaki nyuma: imesimamisha mitaani sanamu za vitu vya kawaida vikiwa bado vipande-vipande, vimeshikwa kwenye fremu zake, kama vitakavyokuwa vipande vyako ukifungua mfuko. Kuna simu ya umma, kuna na sanduku la posta, limesimama na vipande vyake pembeni linangoja jitu lije na koleo la kuvikatia. Barua hii nitaipiga picha niitume kwenye simu ya bibi ili uanze kazi, na karatasi yenyewe nitaitumbukiza kwenye sanduku hilo. Itakufikia siku itakayojaliwa.

Sasa fungua boksi. Fungulia mezani, si mkekani, na chini ya meza utandike kanga ya bibi, kwa ruhusa yake, ili kipande kikianguka kisiruke mbali. Utakuta mifuko yenye fremu za plastiki, kitabu cha maelekezo na karatasi ndogo ya stika. Maelekezo ni ya Kijapani, usihangaike, michoro inatosha. Kila fremu ina herufi yake, A, B, na kuendelea, na kila kipande kina namba pembeni. Mchoro ukikuonyesha A3, tafuta fremu A, kipande cha tatu, kikate hicho tu, kiunge, ndipo uende kingine. Usikate vyote kwa pamoja ukavimwaga mezani, maana kipande kikishaachana na namba yake hakina jina tena, na mkono wa kushoto na wa kulia hutofautiana kwa kitobo tu.

Hapa nataka usubiri kidogo, uitazame fremu moja kabla hujaikata, kwa kuwa hiki ndicho ninachokisoma na nimetamani sana kukionyesha kwa mtu. Plastiki yenyewe ni polistirini. Ilikuwa punje ndogo kama mchele, zikayeyushwa kwenye joto la nyuzi 200 hivi, zikasukumwa kwa nguvu kubwa ndani ya kalibu ya chuma iliyofungwa. Fremu unayoiona ni njia plastiki ilimopita ikienda kwenye kila kipande, na kale kashingo kembamba kanakounga kipande na fremu ndio mlango ilikoingilia. Ikapoa, kalibu ikafunguka, vijiti vya chuma vikaisukuma itoke. Chunguza upande wa ndani wa kichwa cha dubu kabla hujakifunga: utaona viduara vidogo vilivyobonyea. Hizo ni nyayo za vile vijiti, na zimewekwa ndani kwa makusudi ili nje zisionekane. Tazama pia jinsi kila kipande kilivyo wazi upande mmoja. Kalibu ya pande mbili haiwezi kutoa tufe lililofungika, lingenasa humo. Ndiyo maana kichwa cha mviringo hutolewa nusu mbili, nawe unaziunganisha. Kuna aliyekaa akafikiri dubu huyu apasuliwe wapi ili mshono usimharibu sura. Mimi kwenye modeli hizi huutafuta mshono kwanza, ndipo nitazame kitu chenyewe.

Kukata. Nimekuwekea koleo dogo lenye upande mmoja bapa. Ni la kukatia plastiki tu, lisiguse waya. Plaizi ya mjomba ni nzuri kwa kazi yake ya umeme lakini meno yake ni manene, itaibana plastiki na kuiponda badala ya kuikata. Anza kwa kujizoeza kwenye fremu tupu, sehemu isiyo na kipande, mpaka mkono ukubali. Kisha kila kipande ukikate mara mbili: mara ya kwanza mbali na mwili wake, ukiacha kijisehemu cha shingo, mara ya pili karibu, upande bapa wa koleo ukielekea kipande. Ukikata mara moja kwa karibu, fremu yote inavuta na plastiki hubaki na doa jeupe pale ilipochanika. Kwenye plastiki nyekundu doa hilo litaonekana toka mlangoni. Na usikipinde kipande mpaka kikatike chenyewe. Najua vidole vyako vinavyopenda kupinda.

Kinyama kidogo kitakachosalia ndicho cha msasa. Nenda kwa wale mafundi wa rangi za magari karibu na stendi, waombe msasa wa maji namba 400, 800 na 1000. Namba iko nyuma ya karatasi, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo msasa unavyokuwa laini. Kata kipande kidogo cha msasa, kiloweshe, sugua taratibu kwa 400 kinyama kiishe, kisha 800, kisha 1000. Plastiki itafifia mwanzoni, usiogope, mng'ao utarudi kiasi kadiri unavyopanda namba. Hapa ndipo dubu anapolipita roboti. Mwili wa roboti umejaa mistari, pembe na vijisehemu, na alama ya koleo hujificha humo. Dubu ana kichwa kimoja kikubwa, laini, cha mviringo, hana pa kuficha. Alama moja ya uvivu shavuni utaiona kila utakapomtazama. Faridi anaweza kujenga roboti lake lote ovyo na likapendeza kwa mbali. Wewe huna nafasi hiyo, na ndiyo raha niliyokutafutia.

Gundi haihitajiki hata tone. Kila kipande kina kijiti na kitundu, vinashikana kwa kubana tu. Mjomba ataleta supa gluu, namfahamu, mwambie asante na uiweke mbali: mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki. Wala usimfute dubu kwa petroli au tina akichafuka, polistirini huyeyuka. Maji na sabuni ya mche vinatosha. Kipande kikigoma kuingia usikigonge, kitoe, kigeuze, tazama mchoro upya. Mara nyingi hakijaharibika, kimeelekea upande usio wake.

Macho utayaweka mwisho. Ni stika, na nakuomba usiziweke usiku, wala ukiwa na hasira, wala Zuhura akiwa begani kwako. Nawa mikono kwanza, mafuta ya vidole hula gundi ya stika. Ibandue kwa ncha ya kibano cha nyusi cha shangazi, iguse pale mahali bila kuikandamiza, rudisha kichwa nyuma utazame. Jicho likishuka kidogo, dubu anasinzia. Yakikaribiana sana, anakuwa mjinga. Yakitofautiana kimo, anakuwa mtu fulani hapo mtaani ambaye sitamtaja. Upendezaji wote wa kitu hiki uko kwenye umbali kati ya macho mawili na kimo chake usoni, na umbali huo utaupima wewe kwa jicho lako. Wahandisi wa Bandai wamekupimia kila kitu kingine, hapo wamekuachia.

Najua utaniuliza, maana wewe ni mtu wa maswali: ikiwa kila kipande kimeshapimwa na mwingine, mimi nimetengeneza nini? Swali hilo nimejiuliza kwa niaba yako. Ulipounda lile gari la waya lenye magurudumu ya ndala, ulianza na waya na kichwa chako. Hakukuwa na kitabu, na usukani ule mrefu uliubuni baada ya mwingine kukatika. Kwa kubuni, gari lile linamshinda dubu huyu mara mia, na sitaki ulitupe eti umepata kitu cha Japani. Lakini gari la waya lilikusamehe. Gurudumu likienda upande ulilipinda tu likaendelea. Dubu hatakusamehe, na ubunifu wako hauhitaji, anataka subira na usafi wa mkono. Mimi naona mtu mwenye kimoja anastahili kukutana na kingine. Zaidi ya hapo, kuvifungua na kuvifunga vitu vilivyopimwa vizuri ndiko kulikonifundisha nitazame vilivyopimwa vibaya. Siku hizi nikishika hata mfuniko wa ndoo natafuta mshono.

Ukipoteza kipande, niambie mara moja, usijaribu kuchonga mbadala kwa kuni. Kwenye kitabu cha maelekezo kuna namba za vipande, na huku inawezekana kuagiza vilivyopotea. Niandikie herufi ya fremu na namba.

Fremu zitakazobaki usizichome jalalani pamoja na taka za bibi. Polistirini ikiungua hutoa moshi mweusi mzito, haufai kuvutwa na mtu, na kuku wenyewe watakimbia. Huku Bandai ilianza mwaka 2021 kuzikusanya fremu tupu na kuzirudisha kiwandani. Huko Tanga hatuna sanduku hilo, basi ziweke kwenye kopo. Zitakufaa kujaribia msasa na, tukifika huko, rangi. Dubu mwenyewe usimweke dirishani jua linapopiga. Sebuleni juu ya redio panamtosha, popo hawafiki na bibi hapangusi kwa ufagio.

Kuhusu bibi, tayari ameniuliza kama fedha hizi zisingenunua daftari. Nimemwambia daftari utapata pia. Hakuridhika sana. Ukimaliza, mpe amshike kwanza kabla hujampigia Faridi, na usimweleze habari za Gundam, mwonyeshe tu jinsi shingo inavyogeuka.

Nitumie picha tatu: uso, mgongo, na karibu kabisa pale mshono unapopita kichwani. Usichague picha nzuri, nataka nione pale koleo lilipokushinda, nijue nikushauri nini. Boksi lijalo litategemea hizo. Mshono ukiwa safi tutazungumza habari ya roboti, dogo, lenye miguu. Ukiwa na mashaka, nitakuletea ile ndege yenye tumbo. Hiyo inataka gundi na rangi, kwa hiyo muulize mjomba kama ana brashi ndogo ambayo hajawahi kuichovya kwenye vanishi.

Msalimie bibi, shangazi, na Faridi. Mwambie Faridi aanze na miguu.

Mama yako